Kadi ya Maziwa ya Jioni

Baba mkubwa alipofika kwangu Sombetini, alikuja na jogoo. Alikuwa amembana kwapani, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, na mkono wa pili ameshika fimbo. Nilimwona tangu anaingia kwenye kichochoro chetu, anakwepa maji ya sabuni waliyomwaga wapangaji wenzangu, anachechemea. Sikwenda kumpokea. Mtoto aliyelelewa vizuri humkimbilia mzee wake akampokea mzigo. Mimi nililelewa vizuri, na nikakaa. Nilikuwa nimemsubiri miaka kumi na miwili, hizo hatua ishirini za mwisho zingenishinda vipi?

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Hujambo, mama yangu?"

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Ndiyo desturi yetu Wameru: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili jina la bibi mzaa mama. Mimi ni wa kwanza. Mdogo wangu, ambaye siku hiyo alikuwa barazani kwenye cherehani anashona sare za shule, ni wa pili, kwa hiyo jina lake limetoka ukoo mwingine. Baba mkubwa alimsalimia na yeye. Binti hakuinua kichwa. Mdogo wangu hasikii, na baba mkubwa anajua kwamba hasikii, lakini alisimama pale akingoja kuamkiwa mpaka nilipomwambia apite ndani.

Shida yake aliitoa baada ya kikombe cha pili cha chai. Kisukari. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeanza kuoza, hospitali wanataka hela kila akikanyaga mlango, na ng'ombe wameisha zizini. Amesikia kwamba sisi walimu tuna bima, tunakatwa kwenye mshahara, na kwamba katika fomu kuna nafasi ya mama na nafasi ya baba. Ya mama nimeshamwandika mama. Ya baba iko wazi, maana baba yangu alikwisha fariki.

"Na baba yako akifa, baba yako ni nani?" akaniuliza.

Hilo nalo ni desturi yetu, na jibu lake ni yeye.

"Nimekusikia, baba mkubwa. Lete picha ndogo mbili. Tutaona."

Sikusema ndiyo. Nilichagua maneno yangu kama mtu anayechagua mchele. Alipoondoka nilimfungua jogoo kamba nikamwachia uwanjani. Mdogo wangu alinionyesha kwa mkono: tumchinje? Nikamwambia bado. Kwetu, ukishakula cha mtu umekubali neno lake, na mimi neno la mtu huyu nilikuwa nimelikataa nikiwa na miaka kumi na moja. Nasema kweli, nilifurahi kuuona mguu ule. Wacha nieleze kwa nini, kisha anayetaka kunihukumu anihukumu.

Kwetu ni Kikwe, tambarare chini ya mlima, kwenye mahindi, maharage, migomba na kahawa kidogo. Baba alifariki nikiwa na miaka minane na mdogo wangu akiwa wa kubebwa. Baada ya matanga, mambo yetu yote yakahamia kwa kaka yake. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kanisa, mtu wa kukaa mbele popote penye kiti. Mama hakunyang'anywa shamba, hilo siwezi kumsingizia. Lakini mjane kwetu husemewa. Akiwa na neno la kupeleka ofisi ya kijiji, humwambia shemeji yake, na shemeji akaenda nalo. Akienda mwenyewe, watu wataanza kuulizana shemeji amemkosea nini, na hiyo ni aibu ambayo mwanamke mwenye akili hataki kuianzisha.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani yao. Msimu wa kwanza walilipa vizuri, msimu wa tatu hatukuwaona, na ghala la chama cha ushirika likabaki na popo. Hospitali nako mambo yalibadilika. Matibabu yaliyokuwa bure yakawa ya kuchangia. Mjamzito alikwenda kujifungua na glovu zake, na mwenye malaria alinunua sindano dukani kabla ya kwenda kuchomwa. Walioshindwa walikaa nyumbani wakachemsha majani.

Ndipo watu wa wilayani wakaja na gari jeupe kutueleza habari za mfuko wa afya. Mkutano ulifanyika ndani ya lile ghala, maana mvua ilikuwa inanyesha. Walisema kila kaya italipa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, ipewe kadi yenye mistari sita, na kila aliyeandikwa katika mistari hiyo atatibiwa zahanati mwaka mzima bila kutoa kitu. Kisha kijana mmoja mwenye tai akafungua daftari akauliza kama tuko tayari kulipa, na kama tuko tayari, shilingi ngapi.

Hapo wazee wetu walifanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka kwa hasira. Yule kijana alitaja kiasi, na mzee wa kwanza akajibu nusu. Wa pili akashuka chini ya nusu. Kwetu mtu akikutajia bei ukakubali ile ya kwanza, watu watauliza kama umerogwa. Wote pale walikuwa watu wa soko la Tengeru, walijua kwamba mnunuzi huanzia chini, muuzaji hulalamika, mkutane katikati. Walimngoja yule kijana apande kidogo ili nao wapande kidogo. Hakupanda. Aliandika kila alichoambiwa, akafunga daftari, akashukuru. Huko lilikokwenda daftari lile nadhani walisoma kwamba watu wa Kikwe hawataki kulipia afya zao. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alitufundisha hivyo hivyo: maskini wa kijijini hayuko tayari kuchangia, amezoea vya bure. Nilitoka darasani nikaenda kunywa maji bombani.

Aliyekuwa tayari kuliko wote katika ghala lile alikuwa amekaa nyuma kabisa juu ya gunia tupu, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Mama alimnong'oneza jirani yake, "Mimi hata leo ningelipa." Jirani akamwambia, "Si umwambie shemeji yako." Shemeji yake alikuwa mbele, amesimama, anasema kwa sauti kwamba yeye kama mwenyekiti atakuwa wa kwanza kukata kadi, ili wengine wapate mfano. Watu walimpigia makofi.

Mama alilipa kwa maziwa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa ya asubuhi yalikuwa ya nyumba, yaani hela yake iliingia kwenye mambo anayoyajua shemeji: mbegu, ada, michango ya ukoo. Maziwa ya jioni yalikuwa ya mama, na hakuna mwanamume aliyeuliza yamekwenda wapi. Ndiyo tuliyokunywa kwenye chai, ndiyo aliyogandisha kuwa mtindi wa loshoro, mahindi yetu ya kupikwa. Miezi mitatu mama aliyauza yote. Tulikunywa strungi sisi watatu, asubuhi na jioni, na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitatu na kidogo, alilia akiona kikombe cheusi. Mama alimwambia, "Kunywa, mwanangu. Hii ndiyo dawa yenyewe." Hela ilipotimia aliifunga kwenye pindo la khanga akaipeleka kwa baba mkubwa kwa mikono miwili.

"Kadi zikitoka nitakuletea," baba mkubwa alisema.

Hazikutoka. Ziko wilayani, zinagongwa muhuri. Karani anaumwa. Gari limeharibika. Mama hakuuliza mara ya nne, kwa sababu kumuuliza shemeji mara nne ni kumwita mwizi.

Kisha kukatokea jambo lililompumbaza mama na kunipumbaza mimi. Masika yale nilishikwa na malaria kali, mwili unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Baba mkubwa alikuja mwenyewe, akanipakia kwenye baiskeli yake, akanisukuma hadi zahanati kwenye matope. Nesi alifungua daftari, akatafuta, akapata, akanipa dawa. Hakuna aliyedai kitu. Mama alipoona nimerudi na vidonge, alikaa chini kwa furaha. "Kumbe kadi inafanya kazi hata kabla haijafika," akasema, na wiki nzima alimtaja shemeji yake kwenye sala. Mimi nilipokua nilijieleza kwamba nesi yule alimwogopa mwenyekiti. Siku ile ya baiskeli niliiweka kando, kwa sababu ilinisumbua. Ukitaka kumchukia mtu sawasawa, usikumbuke alikusukuma kwenye matope.

Mwezi wa saba mdogo wangu akashikwa na homa. Siku ya Ijumaa asubuhi aliamka shingo imekaza, hawezi kuinama, mwanga unamuumiza. Mama hakuhangaika kutafuta hela. Alimfunga mgongoni akaenda zahanati kwa hatua za mtu aliyekwisha lipa. Nilikwenda naye nimebeba chupa ya maji. Nesi alikuwa mwingine, mgeni, na foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika mezani akauliza kadi. Mama akasema kadi haijafika lakini jina limo. Nesi akafungua daftari la kitongoji chetu, lile alilojaza baba mkubwa nyumba kwa nyumba, akashuka na kidole hadi kwenye nyumba yetu.

"Mama, hapa imeandikwa hauko tayari."

"Siko tayari nini?"

"Kuchangia. Mwenyekiti wenu ameandika. Kaya ya mjane, hayuko tayari."

Watu wa kwenye benchi walisikia. Mama alisimama kama amesahau alichokuja kufanya. Nesi hakuwa mbaya. Alimgusa mtoto, akasema huyu si wa hapa, huyu ni wa hospitali kubwa leo hii, akatoa vidonge viwili vya homa kwenye mkoba wake mwenyewe. Hospitali kubwa ilitaka nauli, na ilitaka hela ya kuanzia. Tulikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa. Alikuwa amekwenda mnadani. Mke wake alisema kabati la karatasi limefungwa na ufunguo anao mzee. Tukarudi jioni, hajafika. Tukarudi Jumamosi, hajafika. Mama hakuweza kumuuza ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wa mjane hauzwi shemeji asipokuwepo. Jumapili alimbeba mtoto kanisani, akasimama mlangoni, yeye na yule mtoto aliyekuwa amelegea. Wanawake wakachanga sadaka nyingine pale pale kabla ya ile ya madhabahu.

Daktari wa hospitali kubwa alimwambia mama, "Mngemleta juzi."

Mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, lakini anatembea. Tulimshukuru Mungu. Siku ya pili nilikuwa naosha vyombo nyuma yake, kifuniko cha sufuria kikaniponyoka kikaanguka juu ya jiwe. Kuku wote walikimbia. Yeye aliendelea kupanga vijiti vyake. Nikaokota kifuniko nikakiangusha tena, makusudi, karibu zaidi. Nikakiangusha mara ya tatu. Mama alitoka jikoni kunigombeza, akatazama, akaelewa, akakaa chini kwenye maji machafu.

Kijiji kizima kilijua kilichotendeka. Baba mkubwa mwaka ule hakuwa na kahawa wala ndama wa kuuza, na bado alikuwa na kadi, tena ya kwanza, kama alivyoahidi. Ukoo ulikaa. Alisema karani aliandika vibaya. Mama aliuliza jambo moja tu: "Maziwa yangu yako wapi?" Mzee mmoja akamwambia mambo ya maziwa hayaletwi mbele ya wanaume. Wakaamua baba mkubwa atoe kondoo, mafuta anywe mtoto apate nguvu, nyama iliwe na nyumba zote mbili, na neno lile lisirudi tena. Kondoo akachinjwa uwanjani kwetu. Kila mtu alikula. Mama alitia kipande mdomoni akakimeza bila kutafuna, kwa sababu alikuwa na shamba la kulinda. Mdogo wangu alikula kwa furaha, hakujua ni nyama ya nini. Nilipowekewa bakuli langu, nililisukuma.

"Sili," nikasema.

Nikachapwa. Sikula. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua ninachofanya.

Kwa hiyo sasa mnaweza kurudi nami Sombetini.

Wiki iliyofuata baba mkubwa alileta picha. Alikuwa amezipiga mjini, amevaa kofia yake ya sufu. Niliziangalia kwa muda. "Kofia hairuhusiwi, baba mkubwa." Ilikuwa kweli, hairuhusiwi. Ningeweza kumwambia mapema. Akarudi baada ya siku kumi, kichwa wazi, nyuma yake pazia la maua. "Wanataka nyuma kuwe na rangi ya bluu." Hilo pia lilikuwa kweli. Safari hiyo mguu ulikuwa umefungwa bandeji na kandambili imekatwa mbele ili bandeji ipite. Nilimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona, nikapika, nikala, nikasahihisha madaftari ya darasa la tano kwa wino mwekundu, na nililala vizuri.

Walimu wenzangu pale Terrat ninapofundisha waliniambia ni rahisi, mwandike tu, kila mtu anaandika wajomba na baba wadogo, nani atakwenda kuchimbua kaburi la baba yako? Labda. Lakini niliwahi kuuliza ofisini kama naweza kumwandika mdogo wangu, ambaye hospitali inamla kila mwaka kwa hayo masikio. Wakanijibu ndugu haruhusiwi: mwenza, watoto, wazazi, basi. Sikudanganya kwa ajili yake. Sasa nidanganye kwa ajili ya aliyemziba masikio?

Jumamosi moja nilikwenda Kikwe kumwambia mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote: picha, kofia, pazia. Nilidhani atacheka, au atanikemea. Aliendelea kuchambua.

"Mama, unasemaje?"

"Mimi sisemi."

"Useme ndiyo au useme hapana."

"Wakati ule nilisemewa," akajibu. "Wewe sikusemei. Mdomo unao."

Mara ya tatu baba mkubwa alikuja mvua ikinyesha, mguu ameuvika mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira. Picha zilikuwa sawa. Rangi ya bluu, kichwa wazi, macho ya mzee aliyechoka. Nilimkalisha mezani, nikaleta fomu, nikamsomea mstari kwa mstari. Jina la mtumishi. Jina la mama. Nikafika mahali pameandikwa baba, nikaweka kalamu juu yake, nikamtazama. Niliifurahia dakika ile, na sitajifanya kwamba sikuifurahia. Nilikuwa nimeipanga tangu kile kifuniko cha sufuria kiliponiponyoka mkononi.

"Baba mkubwa, pale kwenye daftari lako la kitongoji, mtu asiyetaka kulipa ulikuwa unamwandika nini?"

Aliinama kukaza mpira wa mfuko mguuni.

"Niambie. Nimesahau."

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Uliandika hayuko tayari. Mama yangu, aliyetunyima maziwa miezi mitatu. Sasa sikiliza. Mimi siko tayari."

Nikakunja fomu mara mbili.

"Kondoo aliliwa," akasema.

"Mimi sikula."

Alikumbuka. Niliona kwamba alikumbuka. Nilingoja alie, au anilaani, nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Badala yake aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha ya plastiki iliyokunjwa kunjwa, na ndani yake kipande cha karatasi ngumu iliyokuwa ya kijani zamani. Akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole.

"Unadhani sikukufanyia kitu," akasema. "Soma."

Ilikuwa ile kadi. Mistari sita kwa mwandiko wake wa kulala. Wa kwanza yeye. Wa pili mke wake. Wa tatu, wa nne na wa tano watoto wake. Wa sita jina la bibi. Bibi alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Lilikuwa jina langu.

"Baiskeli ile," nikasema.

"Ndiyo. Uliponea humu." Aligonga kadi. "Ulibaki mstari mmoja. Ningemwachaje mama yangu nje?"

"Hela ilikuwa ya nani?"

"Nilikuwa nimekwisha sema mbele ya watu. Mwenyekiti atakuwaje wa mwisho? Nilijua nitairudisha kahawa ikiiva." Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, "Nilikuchagua wewe. Na wewe nichague."

Mtu akikuambia amekuchagua, anakuambia pia kwamba wengine aliwaona. Alikaa na kalamu, akamwona mama, akamwona mtoto wa miaka mitatu, akaniona mimi, akaandika jina la mama yake. Sikuwahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile, na chuki yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa, maana mimi ndiye niliyekuwa kwenye mstari.

Sikumsikia mdogo wangu akiingia. Alifuata mkasi wake alioacha juu ya kabati. Aliona sura zetu, akaona kadi, akaichukua kabla sijaifunika. Anasoma vizuri, nilimfundisha mwenyewe kwa mkaa ukutani. Kisa cha maziwa anakijua, nimemsimulia kwa mikono mara nyingi, na kila mara nilisimulia kwamba tuliibiwa sote watatu. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza akashuka nacho. Kikafika wa sita kikasimama. Akanitazama. Kisha akaigeuza kadi kuangalia upande wa pili, kama labda majina yanaendelea.

Nyuma hakukuwa na kitu, ila muhuri uliofifia.

Akamrudishia baba mkubwa kadi yake kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mzee kitu. Akachukua mkasi akatoka. Baadaye kidogo cherehani ikaanza.

Baba mkubwa aliondoka bila kuaga. Mguu waliukata chini ya goti kabla ya Pasaka, na ukoo ulichanga. Mimi sikuchanga, wala sikwenda kumtazama. Nafasi ya baba kwenye fomu yangu iko wazi hadi leo, na mtu asidhani naandika haya kwa kujuta kwa ajili ya mguu wa yule mzee.

Jioni ile, mvua ilipokatika, mdogo wangu aliniuliza kwa mikono: ulijua? Nikamjibu sikujua. Akauliza: na baiskeli? Habari ya baiskeli alikuwa ameipata kwa mama. Nilijua kuhusu baiskeli. Miaka yote sikutaka kuuliza nilitibiwa kwa nini, na yeye akarudishwa kwa nini, kwa sababu jibu lingenipunguzia hasira, na hasira niliipenda.

Jumapili nilimchinja yule jogoo. Nilimkaanga kwa vitunguu, nikapika ugali, nikaweka mkeka barazani kando ya cherehani. Nilimpakulia mdogo wangu paja na kifua, sehemu zote nzuri, nikamwekea bakuli mbele yake. Nikamwambia kwa mikono ale, yaishe.

Alilitazama bakuli kwa muda. Kisha akalisukuma polepole mpaka likafika kwangu, akamega ugali wake, akala na mchicha.